Futa Kwanza, Kisha Tia Mafuta

Cherehani ikianza kulia au kuwa nzito mguuni, shauri la kwanza linalotolewa huku Ludara, katika eneo la West Nile nchini Uganda, na kwingine kokote kati ya Arua na mpaka wa Oraba, ni lilelile: itie mafuta. Kopo linachukuliwa, kila tundu linaloonekana linamiminiwa, gurudumu linazungushwa, sauti inatulia na wote wanaridhika. Baada ya siku chache mashine inalia tena, nzito kuliko mwanzo, na kopo linarudi mkononi. Miaka ya kuishi karibu na mashine hizi, kuzifungua, kuzitumia na kuona mama akimwachia binti yake, imenifundisha jambo ambalo nataka kulitetea hapa kwa hoja: mafuta yanayomiminwa juu ya uchafu huiua mashine upesi kuliko ukosefu wa mafuta wa siku mbili tatu. Mashine kuukuu hudumu kwa kuondolewa kwanza kisichotakiwa, halafu kuongezewa kidogo kinachotakiwa, mahali panapotakiwa. Anayegeuza utaratibu huo anajidanganya kwamba anatunza, na huo ndio udanganyifu wa hatari zaidi, kwa kuwa unampa mtu amani ya moyo wakati chuma chake kinalika.

Tuziangalie mashine zenyewe kwanza, maana hoja yote imo katika umbile lao. Kampuni ya Singer ilianzishwa Marekani mwaka 1851, na kiwanda chake cha Clydebank, Scotland, kilichoanza kazi miaka ya 1880, kilikuwa kwa muda mrefu miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya cherehani duniani, kikafungwa mwaka 1980. Umbo lake moja, lile la daraja la 15, lilinakiliwa na viwanda vya Asia, ndiyo maana anayeijua Butterfly kutoka Shanghai hapotei akiwekwa mbele ya Singer iliyotengenezwa kabla ya baba yake kuzaliwa. Mwili ni chuma cha kusubu. Ndani mna mihimili ya feleji inayozunguka au kupanda na kushuka katika matundu ya chuma, na nafasi kati ya mhimili na tundu lake ni nyembamba kuliko unywele. Katika nafasi hiyo ndimo mafuta yanamokaa, utando mwembamba unaozuia chuma kisigusane na chuma. Aliyebuni mashine hii hakuacha nafasi ya kitu kingine chochote. Kikiingia kingine, iwe mchanga, kutu au mafuta yaliyoganda, kinachukua nafasi ya utando ule, na hakuna tone jipya linaloweza kupita mahali palipokwisha kuzibwa.

Historia ya huku kwetu imetupa ushahidi wa aina yake. Mwaka huohuo wa 1980 Clydebank ilipofunga milango, West Nile iliingia katika mapigano yaliyofuata kuangushwa kwa Idi Amin mwaka 1979, na watu wengi wa Koboko, Arua na Yumbe wakavuka mpaka kwenda Sudan na Zaire. Kichwa cha cherehani huachana na meza yake kwa kulegeza skrubu mbili za bawaba, kwa hiyo ni mali inayoweza kubebwa kichwani au kufungwa nyuma ya baiskeli, meza ikaachwa. Lakini mali iliyobebwa si lazima ifanye kazi, na iliyoachwa haifanyi kazi kabisa. Mashine iliyokaa miaka bila kushona kwa kawaida haigandi kwa sababu kuna kitu kimevunjika ndani yake. Inaganda kwa sababu mafuta ya mwisho yaliyotiwa yamegeuka gundi. Anayeikuta katika hali hiyo huona gurudumu halisogei, huamini kwamba mashine imekufa, na pengine huiuza kama chuma chakavu. Wangapi walipoteza mashine nzima kwa njia hiyo hakuna aliyehesabu, lakini yeyote aliyewahi kufungua moja ya mashine hizo anaijua rangi ile ya kahawia inayong'aa kwenye viungo, ngumu kiasi kwamba kucha haiichubui.

Gundi hiyo ina sababu yake. Mafuta ya mbegu, kama ya simsim, ya alizeti au ya pamba, hushika oksijeni ya hewani polepole, na chembe zake huungana zenyewe kwa zenyewe mpaka kilichokuwa kimiminika kikawa ngozi ngumu. Wachoraji wa Ulaya walijenga ufundi wao juu ya tabia hiyo: walichanganya rangi na mafuta ya mbegu za kitani ili picha ikauke na kudumu. Linalomfaa mchoraji ni janga kwa mshonaji. Mafuta ya jikoni yanapotiwa kwenye cherehani hufanya kazi vizuri siku ile na wiki ile, kisha huanza kukauka ndani ya viungo, na joto letu la Januari linaharakisha kukauka huko. Mwenye mashine akihisi uzito, anaongeza mengine, tabaka juu ya tabaka. Vitabu vya maelekezo vya Singer vyenyewe havikushauri kuongeza mafuta juu ya mashine iliyokaa ikawa nzito. Vilishauri mafuta ya taa kidogo katika matundu ya mafuta, mashine iendeshwe haraka ili uchafu uyeyuke na kutoka, ifutwe, na baada ya hapo ndipo mafuta ya cherehani yatiwe. Waliotengeneza mashine waliweka kuondoa mbele ya kuongeza, kwa maandishi.

Adui wa pili ni vumbi letu jekundu. Kuanzia Desemba hadi mvua zinaporudi, kila gari linalopita kwenye barabara ya murami huinua wingu linaloingia barazani, na barazani ndiko washonaji wengi wanakofanyia kazi kwa ajili ya mwanga. Ndani ya vumbi hilo mna chembe za kwatzi, na kwatzi katika kipimo cha Mohs ina ugumu wa 7, wakati chuma cha kawaida hakifiki hapo. Chembe kavu inayoanguka juu ya chuma kikavu hupeperushwa kwa pumzi. Chembe inayoanguka juu ya mafuta hubaki, hushuka na mafuta hadi ndani ya kiungo, na huko hufanya kazi ileile inayofanywa viwandani kwa makusudi, ambako mchanga laini huchanganywa na mafuta ili kusaga na kung'arisha chuma. Kwa hiyo mashine iliyolowa mafuta mwezi wa Januari, huku nje na ndani ikimeremeta, iko katika hatari kubwa kuliko iliyo na tone moja moja mahali pake na mwili uliofutwa mkavu. Mafuta ya ziada hayabaki kuwa mafuta. Yanakuwa mtego wa kila kinachopita hewani.

Kuna mahali pamoja ambapo mambo haya yote huonekana kwa macho, napo ni chini ya bamba la sindano. Inua mguu wa kukandamiza, toa sindano, legeza skrubu mbili za bamba, uliondoe. Kati ya mistari ya meno yanayosukuma kitambaa utakuta manyoya ya nguo yaliyoshindiliwa mpaka yakawa kama kipande cha blanketi, na kwa rangi zake unaweza kusoma kazi za muhula mzima: buluu ya sare za shule, nyeupe ya mashati, vinyuzi vya kitenge. Ukikichokoa kwa ncha ya bisibisi kinatoka kizima, kizito, kimelowa. Kizito kwa nini? Kwa sababu pamba hunyonya. Kila tone lililotiwa karibu na ndoano ya uzi wa chini limenyonywa na manyoya hayo, chuma kikabaki kikavu kando ya sifongo iliyoshiba. Mwenye mashine anaapa kwamba alitia mafuta asubuhi ileile, na anasema kweli. Mafuta yalitiwa, ila hayakufika. Na manyoya yale yakiendelea kurundikana huyazuia meno yasishuke na kupanda sawasawa, mshono unaruka, uzi unajikunja chini ya nguo, na lawama inaangukia uzi, sindano au mshonaji.

Utaratibu unaofuata kutokana na hayo yote ni mfupi, na hauhitaji karakana. Kwenye mashine nyingi za umbo la daraja la 15, kama Butterfly, kuna vishikizo viwili vinavyosukumwa kwa kidole, pete inayoshikilia ndoano inatoka, na ndoano inaifuata bila kifaa chochote. Njia inamozunguka ndoano inafutwa kwa kitambaa kisichotoa manyoya, kisha linawekwa tone moja, moja kweli, kabla ya kurudisha. Kichwa kinalazwa nyuma juu ya bawaba zake, uchafu wa chini unabrashiwa, na kila mahali ambapo kipande kinasugua kipande panapata tone lake. Miguuni, fimbo inayounganisha pedali na gurudumu kubwa ina viungo viwili vinavyosahaulika daima, wakati ndivyo vinavyobeba nguvu yote ya mguu. Mkanda wa ngozi unabaki mkavu, kwa sababu ukilowa unateleza. Sahani za kubana uzi nazo hazitiwi kitu, maana mafuta hapo yanaharibu mbano na kupaka uzi. Baada ya hapo mashine inashona kitambaa kibovu mpaka mshono utoke bila doa. Mafuta ya cherehani ni mepesi sana na hayana rangi, mepesi mara kadhaa kuliko ya injini, na wepesi huo ndio unaoyafanya yapenye katika nafasi nyembamba kuliko unywele.

Atakayedhani kwamba hii ni kanuni ya cherehani peke yake na aangalie chombo kilicho mbali nayo kabisa: bunduki ya upepo ya zamani. Kampuni ya BSA ya Birmingham, ambayo wengi Afrika Mashariki wanaikumbuka kwa baiskeli, ilianza mwaka 1861 kama kampuni ya silaha, na kuanzia mwaka 1905 iliuza bunduki za upepo zinazotumia springi na pistoni. Springi inapoachiwa husukuma pistoni yenye washa ya ngozi, hewa iliyo mbele yake inabanwa ghafla, na risasi inatoka. Ngozi ile inahitaji mafuta kidogo ili isikauke na kuvujisha hewa. Lakini mtu akimimina mafuta mepesi ya madini katika chumba hicho kwa kudhani wingi ni huruma, mbano wa hewa huleta joto linalowasha mvuke wa mafuta, kama ndani ya injini ya dizeli. Kishindo kinachotokea huunguza washa na kuumiza springi. Kwa hiyo wanaozitunza bunduki hizo zenye umri wa miaka 100 na zaidi huanza kwa kufuta grisi kuukuu iliyoganda, kisha hupaka springi grisi nyembamba na kuipa ngozi matone machache ya mafuta yanayoifaa. Huku kwetu bunduki ya aina yoyote inaamsha kumbukumbu nyingine, na tangu mkataba wa amani kati ya serikali na waasi wa UNRF II utiwe saini Yumbe mwezi Desemba 2002, wengi wetu tungependa chuma kinachotunzwa nyumbani kiwe cha kushona. Hata hivyo ushahidi ni ushahidi: mafuta yaliyozidi, au yaliyopotea njia, yanaharibu kuliko yanavyolinda.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia linahusu kutu. Mvua zetu ni nyingi, nyumba nyingi zina unyevu, na mtu aliyewahi kuona sindano ikishika kutu kwa majuma machache ana haki ya kuogopa. Lakini kulinda uso wa chuma na kulainisha kiungo ni kazi mbili tofauti. Uso unalindwa na utando unaopakwa kwa kitambaa kilichoguswa mafuta kidogo, ukafutwa mpaka mkono usitoke na alama. Utando huo unatosha kuzuia unyevu, na mashine ikifunikwa usiku ulinzi unakamilika. Kuimiminia mafuta hakuongezi ulinzi wowote juu ya huo, kunaongeza tu vumbi litakalonata. Wakati wa kufuta, spiriti iepukwe juu ya maua ya dhahabu ya Singer za zamani, kwa sababu ganda linaloyalinda huyeyuka kwa spiriti. Kitambaa chenye mafuta ya cherehani kinatosha kuondoa uchafu bila kuondoa pambo.

Pingamizi la pili ni bei, na hili linastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu mshonaji wa kijijini anahesabu kila shilingi. Anauliza kwa nini anunue chupa ya mafuta ya cherehani wakati jikoni kuna mafuta na kwa mafundi wa pikipiki kuna oili iliyotumika inayotolewa bure. Jibu liko katika kipimo. Mashine inayotunzwa kwa tone moja moja inatumia chupa ndogo kwa muda mrefu. Ni umiminaji unaofanya mafuta yaonekane ghali. Oili iliyotumika ina masizi na chembe za chuma zilizotoka ndani ya injini, ni nzito, na doa lake jeusi kwenye shati la mteja halitoki, wakati shati moja la kulipa linaweza kuzidi bei ya chupa yenyewe. Mafuta safi yakikosekana kabisa, tone dogo la oili mpya ya injini ni afadhali kuliko mafuta ya kupikia, kwa kuwa angalau halitageuka gundi. Na sehemu kubwa ya matunzo ninayoyatetea haina bei: brashi ya meno iliyochakaa, kitambaa cha pamba na subira.

Wapo pia wanaosema kwamba mashine iachwe kwa fundi, na kwamba mwenye kuifungua ataiharibu. Wana sehemu ya ukweli. Skrubu ndogo ya kikebe cha bobini ikidondoka kwenye sakafu ya udongo imekwenda, na mtu akilegeza vinavyopanga mwendo wa ndoano na sindano, mashine itakataa kushona mpaka mjuzi aipange upya. Lakini ukweli huo unatuelekeza kuchora mpaka, hautuamuru kukunja mikono. Bamba la sindano, kikebe cha bobini, ndoano na matundu ya mafuta viliwekwa wazi makusudi ili mtumiaji avifikie. Vilivyofungwa ndani zaidi ni vya fundi. Bisibisi iwe ya upana unaojaza mfereji wa skrubu, na kila kinachotolewa kiwekwe juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio wa kutoka kwake. Mwenye mashine anayeshika mipaka hiyo humrahisishia fundi kazi, na fundi anayeletewa mashine safi huona ubovu wenyewe badala ya kuutafuta chini ya tope. Kuhusu muda, hasa kabla ya Krismasi, Idd na kufunguliwa kwa shule, dakika chache za brashi kila jioni ni pungufu ya muda unaopotea kufumua mishono iliyoruka.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wanaosema zama za mashine hizi zimepita. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa miongo mingi, lakini mambo yanabadilika: kituo cha umeme wa maji cha Nyagak kilianza kazi mwaka 2012, waya zinaendelea kusambaa, na mashine za umeme zipo sokoni Arua. Kwa nini basi tushughulike na vyuma vya kale? Kwanza, umeme unaofika mjini haujafika kila baraza la Ludara, na mguu haukatiki. Pili, mashine mpya haimwondolei mtu wajibu huu. Butterfly inayotoka kwenye boksi leo hupakwa kinga ya kutu inayopaswa kufutwa kabla ya kutiwa mafuta, na mashine ya umeme inayokimbia kwa kasi zaidi hukusanya manyoya na joto kwa kasi hiyohiyo. Anayeua mashine ya zamani kwa mafuta juu ya uchafu ataiua na mpya, tena kwa muda mfupi zaidi. Tatu, chuma cha Clydebank kimethibitisha umri wake mbele yetu. Kutupa kitu kilichopita vita na uhamisho kwa sababu ya gundi inayoyeyuka kwa mafuta ya taa ni hasara isiyo na hoja.

Hapa ndipo somo linapotoka katika baraza la mtu mmoja na kuwa jambo la wote. Tangu kambi ya Lobule ifunguliwe wilayani Koboko mwaka 2013 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na Bidibidi kule Yumbe mwaka 2016 kwa waliokimbia Sudan Kusini, ushonaji umekuwa mojawapo ya stadi zinazofundishwa zaidi kwa wakimbizi na wenyeji, na mara nyingi mhitimu huondoka na cherehani. Hilo ni jema. Lingekuwa jema zaidi kama kila cherehani ingetolewa pamoja na brashi, bisibisi inayofaa na chupa ya mafuta halisi, na kama somo la kufungua, kufuta na kutia tone moja lingefundishwa kabla ya somo la kukata gauni. Mashine bila maarifa hayo ni msaada wa miaka michache. Pamoja nayo ni ajira ya maisha, na urithi kwa anayefuata. Wazee wetu walipovuka mpaka na vichwa vya cherehani walituonyesha thamani ya chombo. Kwetu sisi tulio na nyumba, meza na muda, deni lililobaki ni kukiweka chombo hicho kikiwa safi, na kumfundisha kila anayekishika kwamba mkono wa kwanza kuifikia mashine uwe wenye kitambaa, wa pili ndio wenye kopo.